Jibu Nililompa Mzee wa Manowari

Kazi yangu ni kuendesha wageni na kuwajibu. Kuendesha nilijifunza kwa miezi michache. Kujibu kulinichukua miaka, lakini nikawa hodari kuliko wengi wa wale madereva wa Karatu walionicheka nilipoanza, eti mwanamke ataiweza wapi barabara ya kushuka kreta. Mgeni akiuliza kama simba yule ameshiba, nasema ameshiba. Akiuliza kama leo tutaona faru, nasema tutajaribu, kwa sauti inayomfanya asikie kwamba tutaona. Nimelelewa dukani, upande wa Kilimanjaro, na mama yangu alimwambia kila mteja kwamba kitenge hiki kimeletwa kwa ajili yake peke yake. Sauti hiyo naijua tangu sijaota meno.

Naandika kwa sababu ya jibu moja nililompa mzee mmoja. Mume wangu anasema najitwisha mizigo ya watu. Wenzangu wa jumuiya ya kanisani wanasema Mungu husamehe, kisha wanauliza kama mgeni alinishtaki kwa kampuni. Hakunishtaki. Aliandika kwamba mimi ni mwongozaji bora aliyewahi kukutana naye, na bosi akaisoma barua hiyo mbele ya wote huku mimi nimeinamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Alikuja na binti yake, mwanamke wa rika langu. Mzee alikuwa mrefu, mgongo umepinda kidogo, na alikuwa na tabia ya kugonga vitu kwa kifundo cha kidole kisha kutega sikio. Siku ya kwanza aliigonga milango ya landkruza yangu, mmoja baada ya mwingine. Nikanuna. Mimi hasira zangu ziko karibu, na gari ile naiosha mwenyewe. Binti akaniona, akaniomba nimsamehe, baba yake amekaa ndani ya chuma miaka kumi na tisa na hawezi kupita karibu na chuma bila kukisalimia.

Chuma chenyewe kilikuwa manowari, meli ya kivita inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Mimi nyuklia niliijua ya kwenye taarifa ya habari, ya mabomu. Tulipokuwa tunapanda mlima hadi ukingo wa kreta, mzee akanieleza: ndani ya meli mna kinu, kinu kinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke wa maji unazungusha mashine, na meli inakwenda.

“Kumbe ni birika,” nikasema.

Akacheka hadi akakohoa. “Ni birika. Ila birika hili huwezi kulitupa jalalani.”

Alikuwa mhandisi, akifanya kazi chini kabisa, jirani na kinu, pasipo na dirisha. Walikaa baharini miezi na miezi, na hakuruhusiwa kumwambia mkewe wako wapi. Hata alipostaafu alibaki na kiapo, na nadhani alizoea, maana kuna mengi yaliyokuwa yamesharuhusiwa ambayo bado hakuyasema. Binti yake alisema kutoka kiti cha nyuma, bila uchungu, kama mtu anayesimulia jambo la zamani, “Mama alikuwa akiniambia baba yuko baharini. Nilikua nikidhani bahari ni chumba kilichofungwa.”

Sasa meli ile ilikuwa imestaafishwa, imefungwa gatini miaka kadhaa, na kikundi cha mabaharia wazee kilikuwa kinaiomba serikali yao iwe makumbusho. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti. Mimi nikaona jambo jepesi.

“Si mnafungua mlango tu, mnakata tiketi?”

Hakunijibu pale. Alinijibu mchana, kule chini kreta, kwenye bwawa la viboko tunapowaruhusu wageni washuke garini. Nimewaonya wageni wangu siku zote wale chakula ndani ya gari kwa sababu ya mwewe, lakini huyu hakusikia la mtu. Alitoa yai la kuchemsha kwenye boksi lake la chakula, akalimenya, akaniomba kisu.

“Kiini ndicho kinu,” akasema. “Mafuta yake yameshaondolewa, lakini chuma chake kimenyonya mionzi miaka yote hiyo. Hakiwezi kubaki mahali watoto wa shule watakapopita. Lazima kitoke, kikazikwe mbali. Haya, kitoe. Ila yai libaki zima.”

Nikajaribu kulitoboa juu, nikajaribu ubavuni. Likanivunjikia mkononi.

“Hata mafundi wetu hawawezi,” akasema. Ilibidi meli ipasuliwe kuanzia juu, ghorofa kwa ghorofa, jikoni, vyumba vya kulala, mpaka chini. Au ikatwe vipande vitatu, cha katikati kiondolewe, na ncha mbili ambazo hazijawahi kukutana zichomelewe pamoja. Kisha kulikuwa na vyumba vya siri ambavyo serikali haikutaka vionekane, hivyo vingeng'olewa kila kitu vibaki kuta tupu. Kisha kutu. Meli ikikaa majini lazima itolewe kila baada ya miaka, ikwanguliwe na kupakwa rangi, na haikujulikana nani angeifanya kazi hiyo wazee wakiisha, na walikuwa wanaisha. Mji wa bandari uliokuwa tayari kuipokea ulikuwa umefanya mikutano, na wananchi wakasema hawataki kitu cha mionzi karibu na samaki wao, hata walipohakikishiwa kwamba mionzi imekwenda na kinu chake. Serikali ikaona rahisi ni kuikata yote iwe chuma chakavu.

“Na pale ulipokuwa unafanya kazi wewe?” nikauliza.

“Chumba changu kinapakana na kinu. Watakata katikati yake. Nusu itaondoka, nusu inaweza kubaki.”

Hapo ndipo mwewe alipotua, akanipa ubawa wa shavu na kuondoka na nusu yai. Wageni wa magari mengine walipiga makofi. Mzee naye alicheka, lakini binti yake hakucheka, na mzee alipokwenda msalani akanisogelea.

“Mimi siitaki meli nzima,” akaniambia. “Nataka kusimama ndani ya hiyo nusu, yeye akiwa bado ana miguu ya kushuka ngazi. Nimemuuliza mezani, nimemuuliza hospitalini, hasemi. Naamini akiwa mle ndani atasema. Atanionyesha, hapa nilikaa, hapa nilikuwa siku uliyozaliwa.” Kisha akanishika mkono. “Anakusikiliza wewe. Usiache avunjike moyo.”

“Hiyo ndiyo kazi yangu, dada,” nikamwambia. Nakumbuka nilivyolisema kwa majivuno.

Jioni ile, kabla ya chakula, mzee aliniita kwenye baraza la lodji yao hapa Karatu akanipa kishikwambi chake nisome barua. Kamati ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, wengine wamechoka, na barua ya mwenyekiti ndiyo ingeamua. Ilitakiwa ifike kabla ya wiki kwisha. Ilikuwa fupi. Ilisema tunaikubali meli hata ikipasuliwa tumbo, na pale palipokuwa na kinu tutaweka sakafu, na juu ya sakafu tutaandika bila kuficha ni nini kilitolewa hapo na kwa nini.

“Mtu asiye baharia anaelewa?” akauliza.

Nikamwambia anaelewa, na hilo halikuwa jibu la kazini. Maneno yale ya kuandika bila kuficha niliyapenda. Akasema ataituma kesho, maana mhandisi hulala na hesabu yake usiku mmoja kabla ya kuikabidhi.

Kesho yake niliwapeleka boma.

Inabidi nieleze utaratibu wetu. Kando ya barabara, mbele ya ukingo wa kreta, kuna maboma ya wageni. Lile ninalopeleka mimi ni la kina mama. Nikishapita geti la hifadhi nawapigia simu. Mpaka gari linafika, wameshatoka makwao nyuma ya kilima, wamevaa shanga, wamejipanga, na wimbo umeanza. Mgeni anaingizwa ndani ya nyumba, anaambiwa hapa analala mama na hapa ndama, anapiga picha, ananunua bangili. Gari likiondoka nao wanarudi kwenye ng'ombe wao. Hakuna anayelala mle. Waongozaji tunajua, kina mama wanajua, na tumekubaliana kusema wanaishi humo, kwa kuwa mgeni aliyevuka bahari anataka kuingia nyumbani kwa mtu, hataki banda la maonyesho.

Lakini kulikuwa na jambo jingine nililolijua na sikuwahi kumweleza mgeni yeyote. Kiongozi wa kina mama wale, ambaye sote tunamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa, alikuwa amelifanya boma lile darasa. Kwa Wamaasai mke ndiye anayejenga nyumba. Sasa mabinti wanarudi kutoka shule za bweni hawajawahi kukandika ukuta, wengine wameolewa huko Malambo au hapa Karatu chini ya bati, na mikono yao haijui kitu. Yeyo anawakusanya pale. Kila nyumba ya boma lile imejengwa na mwanafunzi. Nimewahi kukaa garini nikisubiri wageni, nikamwona akiukwangua kwa kiganja ukuta mzima uliokuwa karibu kukauka, na binti mwenye diploma yake analia kwa hasira, anachota tena udongo na samadi kuanza upya. Mmoja alikuwa anatembea kwa mguu kutoka pande za Nainokanoka kwa ajili hiyo tu. Kule nyuma ya kilima, kwenye makazi yenyewe, nyumba nyingi zimezibwa kwa turubai. Nyumba iliyojengwa vizuri kuliko zote ilikuwa hii isiyolala mtu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu darasa halimpi mgeni raha. Nyumba ya mababu inampa.

Mzee aliingia ameinama, sisi nyuma yake, yeyo, binti wa mzee na mimi. Macho yalipozoea giza, nikamwona ananyoosha mkono juu, anapitisha kidole kwenye fito za dari, anakitazama kama kimeshika masizi. Akakinusa. Akapiga goti penye mafiga, akaweka kiganja ndani ya majivu. Akagonga ukuta kwa kifundo chake, akatega sikio. Kisha akanigeukia mimi.

“Niambie kweli,” akasema polepole. “Kuna mtu anaishi humu?”

Wageni wengine wamewahi kuuliza, lakini kwa kupiga soga. Huyu aliuliza kama anayetaka kujua mahali pa kukanyaga.  Nilikuwa nimeshikwa, mbele ya binti yake, mbele ya yeyo, na mimi nikishikwa huwa napandwa na hasira badala ya kuona haya. Nikajisemea, huyu naye amekuja likizo au amekuja kutukagua?

“Wanaishi humu, mzee,” nikamjibu. “Tangu mababu zao.”

Yeyo alikuwa anatutazama. Kiingereza hajui. Akaniuliza kwa Kiswahili, “Anasemaje huyu babu?”

“Anasifia nyumba, yeyo.”

Akafurahi. Akaupiga ukuta ule kwa kiganja. “Mwambie huu ukuta nimerudisha mara tatu. Mwambie, mtoto alilia.”

Akasubiri nifasiri. Mzee naye alikuwa ananitazama midomo. Ukweli wote ulikuwa umewekwa mkononi mwangu, na sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kuupitisha upande wa pili.

Nikamgeukia mzee. “Mama anasema karibu sana nyumbani kwake.”

Aliitikia kwa kichwa, akamshukuru yeyo kwa mikono miwili, akanunua bangili. Njiani hakugonga kitu. Tulipotoka msituni tukaanza kuteremka kuelekea Karatu, pale mtandao unaporudi, akaniomba nisimame kando. Akaandika muda mrefu kwenye kile kishikwambi. Binti yake akasoma begani kwake, akaziba mdomo.

“Baba, usifanye hivyo.”

Mzee akanieleza mimi, kwa adabu, kama anavyoeleza mashine. “Jana nilidhani kitu kikitolewa moto wake kinaweza kubaki na maana, mradi watu waseme kweli juu yake. Leo nimeingia kwenye nyumba isiyo na moto, na watu wazuri kabisa wameniambia moto upo. Siwalaumu. Ndivyo itakavyokuwa kwa meli yangu. Sisi tukishakufa ataajiriwa mtu mwenye sauti nzuri, atawaambia wageni kinu kiko nyuma ya ukuta huu, na watu watapiga picha. Heri waikate yote.”

Akabonyeza, barua ikaenda.

Injini ilikuwa imezimwa. Tulikuwa watatu tu, kando ya barabara, hatuna haraka ya kwenda popote. Ningeweza kusema wakati ule. Barua moja inaweza kufuatwa na nyingine. Binti alinitazama kwenye kioo, si kwa kunishtaki, alikuwa anatafuta msaada tu, na mimi ndiye niliyemwahidi.

“Twende, mzee?” nikasema.

Waliondoka kesho yake. Mimi nikaendelea na wageni wengine, na kwa kitambo nilijitetea vizuri. Nilijiambia ni mzee wa ng'ambo na chuma chake, na meli ya vita ikikatwa dunia inapungukiwa nini. Lakini kila nilipoingia kwenye nyumba ile nikisema hapa analala mama, nilikiona kifundo cha mzee kikigonga ukuta. Mvua zilipoanza na wageni wakapungua, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda boma peke yangu. Sikupiga simu getini. Nilimkuta yeyo kwake, nyuma ya kilima, ndani ya moshi wa kweli.

“Takwenya, yeyo.”

“Iko. Leo umekuja bila wazungu?”

Nikamweleza yote, tangu yai hadi barua. Alinisikiliza akikoroga chai, na nilipofika kwenye maneno yake niliyoyabadilisha aliacha kukoroga.

“Mimi nilikuwa nimesimama pale pale,” akasema. “Kwa nini hukusema maneno yangu?”

“Nilikuwa nakulinda, yeyo. Nilidhani utaona aibu akijua.”

“Nani amekuambia mimi naona aibu?” Alikuwa amekasirika sasa, na hasira yake haikuwa ya kelele kama yangu. “Ile nyumba ni ya kufundisha. Moto uko hapa. Ungemwambia hivyo tu, ningemleta hapa anywe chai. Ni mwendo mdogo. Kwani miguu yake ilikuwa mibovu?”

 Aibu ilikuwa yangu tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeona darasa ni kitu cha kufichwa, kisha nikamvika yeye aibu hiyo.

Ndipo nikamwandikia binti, nikamwomba nizungumze na baba yake. Walinipigia Jumapili mchana, nimetoka kanisani, naosha gari. Sauti ya mzee ilikuwa imepungua. Nikafunga bomba, nikamwambia yote bila kupaka rangi: hakuna anayelala mle, ni mahali pa kujifunza, mabinti wanajengeshwa na kubomolewa kuta zao mpaka mkono ujue, na yeyo alitaka kukuambia haya mwenyewe, nikafasiri kingine.

 Hapo mhandisi aliyemo ndani yake akaamka. “Ukuta ule ulirudiwa mara tatu?”

“Tatu.”

“Kwa mkono wa mwanafunzi?”

“Wa mwanafunzi, mzee.”

“Niliugonga,” akasema. “Nilishangaa. Ni ukuta mzuri sana.”

Nikamuuliza habari za meli. Akasema imeshakokotwa hadi kwenye karakana na wameanza kuikata, na walianzia katikati. Chumba chake kilikwenda siku za kwanza, nusu zote mbili. Nikamwambia basi mimi ndiye niliyeikata. Nilikuwa nalia, na jirani alikuwa ananitazama juu ya ua.

“Hapana, hapana, rafiki yangu,” akasema haraka, kwa uchangamfu. “Usijisumbue kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuiacha kabla hata sijapanda ndege kuja huko.”

Ile barua ya kukubali niliisoma kwa macho yangu, kwenye baraza, na yeye ameketi mbele yangu. Na sauti aliyoitumia niliijua, ndiyo ninayoitumia mimi nikiulizwa habari za faru. Nyuma yake nikasikia kiti kikisogezwa, hatua za mtu, na mlango ukifungwa taratibu. Binti alikuwa hapo muda wote, anasikiliza, na sasa amesikia kwamba hata ile nusu aliyoiomba baba yake alishaiacha zamani.

“Asante, mzee,” nikamwambia. “Umenitua mzigo.”

Akafurahi sana kusikia hivyo.